Pangani Isiyo ya Thika Road

Nilipomwambia jirani yangu hapa Noonkopir kwamba nasafiri kwenda Pangani, alinipa maelekezo ambayo sikuyaomba. Nipande matatu ya Kitengela hadi mjini, nitembee mpaka Ngara, halafu gari lolote la Thika Road litanishusha. "Ukitoka mapema, saa moja unusu umefika," akasema. Kisha akalitazama begi langu na kuniuliza kama nahama.

Simlaumu. Kwa mtu wa Kajiado, Pangani ni mtaa wa Nairobi. Kijiji cha awali cha jina hilo kilikuwa kati ya makazi ya kwanza ya Waafrika katika mji ule mpya wa reli, kikiwa na Waswahili na wengi waliokuja na misafara na kazi za mjini, mpaka serikali ya kikoloni ilipokibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwahamishia watu Shauri Moyo. Pangani niliyokuwa naiendea iko nchi nyingine: Tanzania, mkoa wa Tanga, pale mto wa jina hilohilo unapomwagika katika Bahari ya Hindi. Ni mji mdogo ambao mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja na bado akawahi chai. Una mto, kivuko, minazi isiyohesabika, na jengo moja kubwa jeupe linaloitwa Boma.

Hilo neno inafaa nilieleze mapema, maana lilinichanganya mimi mwenyewe. Kwetu boma ni enkang: uzio wa matawi ya miiba, nyumba za udongo zilizopangwa duara, na katikati samadi iliyokanyagwa na ng'ombe hadi ikawa sakafu. Ng'ambo ya Namanga, boma ni serikali. Wajerumani walipoitawala nchi ile walijenga, au walitwaa, jengo imara katika kila mji wenye maana, wakaweka humo bwana mkubwa wao, askari, mahabusu na daftari la kodi. Wananchi wakaliita boma, na jina likabaki hata wenyewe walipoondoka. Mtu wa Tanzania akikwambia ameitwa bomani, jua hajaalikwa kunywa maziwa.

Njia yenyewe tunaijua nusu. Isinya, Kajiado, Bissil, Namanga: kilomita 130 na ushee za nyika ya kwetu. Mji wa Kajiado ulipewa jina la mto, Olkejuado, yaani mto mrefu, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ukipita pale unaona mchanga, mbuzi na lori linalopakiwa mchanga huohuo. Sisi ni watu tunaoheshimu mto kwa jina lake, maji yakija ni baraka ya ziada. Namanga siku hizi haichoshi kama zamani. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri hupanga foleni upande mmoja tu wa mpaka. Kutoka hapo ni Longido, Arusha, Usa River, kisha mji unaoitwa Boma Ng'ombe, ambao nadhani umejaliwa maana zote mbili za neno kwa jina moja.

Kidogo tu baada ya Boma Ng'ombe basi linavuka daraja la Kikafu, na hapo ndipo nilipoanza kuufuata mto bila kujua. Kikafu ni mtoto wa Kikuletwa, na Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Upande wa pili kuna Lumi, unaotoka mlima huohuo ukapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe mpakani. Unaotoka ziwani huitwa Ruvu. Mito hiyo miwili inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani. Kwa saa kadhaa barabara ya Same, Mombo na Korogwe inakwenda nao, mara karibu mara mbali, milima ya Upare na Usambara ikiwa mkono wa kushoto. Kabla ya kufika baharini maji hayo yanafanyishwa kazi: yanazungusha mitambo ya umeme pale Hale, iliyoanza mwaka 1964 na yenye uwezo wa megawati 21, kisha ile ya maporomoko ya Pangani, megawati 68, iliyokamilika mwaka 1995.

Sasa kumbuka yale maji ya Nolturesh, yanayochotwa kwenye chemchemi za Loitokitok na kusafirishwa kwa bomba kupita nyika yetu hadi Kajiado, Kitengela na Athi River. Nayo ni ya mlima uleule. Mlima umewagawia watoto wake, mmoja kwa bomba, mwingine kwa mto. Nilipoiona Pangani mara ya kwanza kutoka juu ya gati, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa ukisukumana na bahari ya kijani kibichi, nilijihisi kama mtu aliyekutana na binamu tajiri.

Pantoni ya kuvuka kwenda Bweni ilikuwa ng'ambo. Kwenye benchi la kusubiria alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya viua na kikapu cha madafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanisikiliza sentensi mbili tu.

"Mwanangu, umetoka Kenya."

Nikamwambia ndiyo, kwenye nchi ya Wamaasai, karibu na Nairobi.

"Basi huko ndiko babu zetu walikokuwa wakienda," akasema, kama anayezungumzia soko la jirani. "Walikwenda miezi, wengine hawakurudi. Nyinyi mlikuwa mkiwatoza hongo."

Alisema "nyinyi" bila uchungu wowote, lakini nilijikuta nikitazama chini, mimi ambaye sijamtoza mtu hongo maishani.

Mzee alisema kweli. Kabla ya reli ya Mombasa, mtu wa pwani aliyetaka pembe za ndovu za nchi ya Wamaasai aliondoka hapa, Mombasa au Tanga, na Pangani ilikuwa mlango mkubwa kuliko ukubwa wa mji wenyewe. Msafara ulikusanyika mtoni, ukapanda na bonde hadi chini ya Kilimanjaro, ukapumzika Taveta au Arusha Chini, kisha ukajitosa nyikani. Njia moja ilipita Loitokitok na tambarare za Amboseli, ikavuka nchi ya Ilmatapato, ambayo leo ndiyo Kajiado ya kati, hadi chemchemi za Ngong, zilizoitwa Ngongo Bagas. Pale misafara ilinunua chakula kwa Wakikuyu kwa tahadhari kubwa, maana biashara na vita vilikaa jirani sana, ndipo ikaendelea Naivasha na Baringo. Kwa hiyo wengi wetu tumejenga nyumba zetu za mawe ya Ndarugo kando ya njia ya watu wa Pangani, na hatujui.

Mzigo wao ulikuwa wa aina tatu: nguo, nyaya za chuma na shaba, na ushanga. Wamaasai hawakupokea kila takataka. Rangi iliyopendwa mwaka huu ilikataliwa mwaka uliofuata, na ukubwa wa chembe ulikuwa na sheria. Tena hawakuutaka ukiwa chembe. Ulitakiwa uwe umetungwa kwenye nyuzi za urefu unaokubalika. James Thomson, Mskochi aliyepita nchi yetu mwaka 1883, alilazimika kuwaketisha wapagazi wake Taveta watunge makumi ya maelfu ya nyuzi kabla ya kuthubutu kusonga mbele. Hebu wafikirie mamia ya wanaume wenye mabega ya kubeba ratili sitini wamekaa chini ya miti wakitia uzi kwenye ushanga kama mabibi harusi.

Huyo Thomson asingefika mbali bila mtu wa Pangani. Alisafiri pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia, lugha na tabia za wazee wa Kimaasai. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 1887, Mhungaria Count Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel waliandaa msafara mkubwa ulioanzia Pangani penyewe, na Kimemeta akawa nao tena. Walipanda na mto, wakapita chini ya Kilimanjaro na nchi yetu hadi Ngong, na Machi 1888 wakalifikia ziwa walilolipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, ambalo sisi twaliita Turkana. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ameshatangulia kutokea mji huohuo mwishoni mwa 1882, akafika Naivasha. Vitabuni wanaitwa wavumbuzi. Kimemeta alikuwa na madeni ya kulipa na pembe za kununua, na njia hiyo alikuwa ameshaizoea.

Pantoni ilifika, tukaagana, nami nikarudi kulitazama Boma.

Usitarajie minara. Ni jumba la ghorofa moja juu ya jingine, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirisha linakuwa kama pango dogo. Ukiweka mkono kivulini ukutani saa saba mchana unahisi ubaridi wa mtungi. Milango yake ndiyo fahari yake: mbao nzito zilizonakshiwa kwa mkono, maua na mistari inayofuatana kama kamba, vumbi limekaa ndani ya kila mkunjo. Wenyeji husimulia kwamba nyumba ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na tajiri mmoja Mwomani, na kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Msimulizi wangu, mwanamama aliyekuwa akisubiri kupigiwa muhuri barua yake, alilisema hilo kwa sauti ya chini, akiwa ameegemea nguzo mojawapo. Kisha akaondoa bega.

Hadithi ya nguzo inaweza kuwa ya kweli au isiwe, ila watumwa walikuwepo na idadi yao haikuwa ndogo. Kandokando ya mto Waarabu na matajiri wa Kiswahili walifungua mashamba ya miwa, wakachemsha sukari na asali ya miwa kwa ajili ya soko la Unguja na ng'ambo. Kazi ya miwa haina siku ya kupumzika: ikikatwa lazima isagwe, ikisagwa lazima ichemshwe. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, na wengi wakatoroka wakajenga makazi yao wenyewe bara. Mwaka huohuo Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, lakini mashambani Pangani mambo hayakubadilika kwa karatasi ile.

Mmoja wa wenye mashamba ya miwa aliitwa Abushiri bin Salim al-Harthi, na kwake historia ya mji huu inageuka.

Aprili 1888 Sultani Khalifa alikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti kampuni ikatuma wawakilishi wake bandarini kupandisha bendera yao kando ya ile ya Sultani. Pangani ilimpata Emil von Zelewski, kijana ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina hilo halikuwa la mapenzi. Alimdharau liwali wa Sultani. Alipoona mambo yanakuwa magumu aliita wanamaji kutoka manowari ya Kijerumani, nao wakaingia msikitini na viatu na mbwa, siku zilezile za Idi ya kuchinja. Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Wanamaji walipoondoka, mji ulijaa watu wenye silaha kutoka mashambani na milimani, Nyundo akafungiwa ndani ya nyumba, na ilimlazimu Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Sultani, Lloyd Mathews, aje kumwokoa. Vita vikaenea pwani nzima.

Abushiri ndiye aliyeshika uongozi. Miongoni mwa waliomwangukia mikononi mwaka ule alikuwa Hans Meyer, Mjerumani aliyekuwa akipanga kukipanda kilele cha Kilimanjaro, pamoja na rafiki yake Oscar Baumann. Walikamatwa wakitoka Usambara, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer alirudi mwaka uliofuata kwa njia nyingine, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kileleni na Ludwig Purtscheller. Kila kijana wa Loitokitok anayeuona Kibo asubuhi amefundishwa jina la Meyer shuleni. La aliyemtia minyororo, mara chache.

Berlin ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani na Washangani. Julai 1889 Pangani ikapigwa mizinga kutoka baharini na kutekwa. Abushiri alirudi nyuma, akapigana bara, akasalitiwa, akakamatwa, akaletwa mjini kwake na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi wakati huo na kuwajua watu waliohusika, aliitungia habari hiyo utenzi mrefu wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima. Kuhusu Nyundo, yeye alipandishwa cheo. Mwaka 1891 aliongoza jeshi kwenda Uhehe, na tarehe 17 Agosti mwaka huo watu wa Mkwawa wakamwua pale Lugalo.

Hivyo ndivyo nyumba ya tajiri wa Kiomani ilivyokuwa boma. Wajerumani waliigeuzageuza kwa mahitaji yao. Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916 waliingia na mafaili yao. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 wakaingia Watanganyika, na kwa miaka mingi Mkuu wa Wilaya amefanya kazi humo. Nimewahi kusikia watu wakililinganisha na ngome za Ulaya, na nilipolitazama niliona mlinganisho una ukweli kuliko wanavyodhani. Ngome nyingi tunazoziona kwenye kalenda za Wajerumani, zile za kando ya mto Rhine, hazikujengwa ili zipendeze. Mji mdogo wa Kaub una ngome iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1320 juu ya kisiwa katikati ya mto, na kazi yake ilikuwa kuzisimamisha mashua na kuzitoza ushuru. Ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 500, mpaka Waprusia walipoitwaa nchi hiyo katika miaka ya 1860. Aliyekaa Kaub, aliyekaa forodhani Pangani na mzee wa Kimaasai aliyesimama njiani Matapato akidai hongo ya ushanga, wote walikuwa na elimu moja: wamejua mtu atapita wapi.

Wadachi waliacha na mengine, madogo yasiyoonekana. Sarafu yao ya hela, iliyoanza kutumika mwaka 1904, ndiyo Mtanzania anayoitaja mpaka leo akidai pesa zake, ingawa sarafu yenyewe ilikufa zamani. Na neno shule, tunalolitumia Kitengela kila asubuhi tukiwahimiza watoto wafunge kamba za viatu, ni la Kijerumani. Sisi tuliotawaliwa na Mwingereza tunapeleka watoto wetu kwenye neno la Mjerumani, na bado tunawacheka ndugu zetu kwa kusema hela.

Kisha kuna mkonge. Ng'ambo ya mto, kusini, iko Kikogwe. Mwaka 1893 mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, ikafa njiani kwa wingi, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe. Miche hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote yanayomfuata msafiri kutoka Korogwe hadi Tanga, mistari iliyonyooka ya majani makali yanayoelekea mlimani hadi macho yachoke. Katika miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo, kabla kamba za nailoni hazijaliangusha. Kamba ya katani aliyofungiwa mbuzi wako wa Idi ina ukoo, na ukoo wake unaanzia ng'ambo ya kivuko hiki.

Ajabu ni kwamba utajiri huo haukuuinua mji uliouzaa. Mdomo wa mto una kizingiti cha mchanga, na meli kubwa haziwezi kuingia. Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzishia Tanga, kwenye ghuba yenye kina, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Upande wetu Waingereza walikuwa wameshaanza reli yao Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Pembe zilizokuwa zikiteremka kwa mabega ya watu sasa ziliteremka kwa mabehewa. Na hata kabla ya reli, Mwingereza na Mjerumani walikuwa wamepiga mstari mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukakunja kidogo kuuzunguka Kilimanjaro, ukawagawa Wamaasai vipande viwili. Mstari huo ndio unaotulazimu tushuke basi Namanga. Kwa miaka kama kumi na mitano hivi Pangani iligeuka kutoka mlango wa bara hadi mji wa pembeni, na Kajiado ikaelekeza uso Nairobi.

Nilishinda siku mbili pale nikiutazama mji unavyoishi na hali hiyo. Barabara iliyoitwa ya Wahindi bado ina nyumba zenye baraza na roshani za mbao, nyingine zimepigwa chokaa karibuni, nyingine mti umeota ukutani na kuvunja dirisha kutoka ndani. Asubuhi boti za wavuvi zinaingia na dagaa na changu. Wanawake wananunua gatini, na jioni samaki keshaliwa. Mikoko imekaa kando ya mto kama walinzi waliolala. Mvuvi mmoja alinieleza kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni juu zaidi kuliko alipokuwa mtoto, na si vigumu kuona kwa nini: mabwawa, mashamba ya umwagiliaji na miji yote ya juu inakunywa kwanza, na mto unapofika chini hauna nguvu ya kuisukuma bahari. Baharini, mashariki, kipo Maziwe, kilichokuwa kisiwa chenye miti na sasa ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Kasa waliokuwa wakitaga pale walihitaji kuhamishiwa mayai yao bara. Daraja la kuvuka hadi Bweni lilikuwa limeanza kujengwa kwenye barabara mpya ya kutoka Tanga kwenda Saadani na Bagamoyo. Nilimuuliza kijana wa pantoni atafanya nini likikamilika. Akaniangalia kama niliyeuliza mvua ikinyesha atafanya nini.

Chakula nisikipite. Nilikula wali wa nazi, samaki wa kukaanga na mchicha kwa mama ntilie aliyenifundisha kusema naomba badala ya leta, somo ambalo kila Mkenya anafundishwa bure mara tu anapovuka mpaka. Nilipolisema ipasavyo aliniongezea kipande cha samaki. Nadhani hiyo ndiyo hongo pekee niliyolipa safari nzima, na nilifaidika.

Nilirudi kwa njia ileile, mlima ukiwa upande wa kulia safari hii, umejificha mawinguni kuanzia Same hadi Moshi. Namanga tulifika jioni. Akina mama wa Kimaasai walikuwa wameshazingira madirisha na bangili, vipuli na mikufu mipana iliyotandazwa juu ya mikono yao. Mmoja alikuwa na kopo la ushanga wa kijani miguuni, rangi ya bahari pale mto ule unapoingia. Nikamwomba aniuzie chembe tupu, kiasi cha kiganja, niwapelekee watoto wachezee.

"Hapana, huu hauuzwi hivyo," akasema. "Ushanga unatungwa kwanza."

Akachukua uzi, akaulamba ncha, akaanza kutunga akiwa amesimama, bila kutazama vidole, akipiga soga na mwenzake kwa Kimaasai. Dereva alikuwa ameshapiga honi mara mbili alipofunga fundo na kuukata uzi kwa meno.

"Mia tatu."

"Za wapi?" nikamuuliza, mfuko wangu ukiwa na shilingi za nchi mbili.

Akacheka, akaniambia nichague mwenyewe, ilimradi ziwe za Kenya.